Jibu la Mama Feza

Neema mjukuu wangu,

Hata bibi yako, anayekusalimu sana kutoka hapa Kalemie, hajui kwamba niliwahi kufukuzwa kazi. Unaniuliza patroni wako wa zamani atasema nini akiulizwa juu yako huko unakoomba kazi mpya. Sheria za biro, hizo ofisi za sasa, sizijui, ila woga huo naujua.

Nilikuwa kijana, naanika dagaa kwa Mama Feza. Nikazama katika kitabu, mvua ikawalowesha dagaa wote, naye akanifukuza. Nilipoomba kazi kwenye depo, ghala la chumvi, mwenye depo alinipeleka kwa Mama Feza amuulize juu yangu.

"Mama, huyu alikufanyia kazi?"

"Miezi sita. Hakuiba hata dagaa mmoja."

"Mbona aliondoka?"

Mama Feza akanitazama. "Hiyo umuulize mwenyewe. Ana kinywa."

Nikashusha pumzi. Nikamweleza mwenye depo yote, kitabu kikiwa bado kwapani. Akacheka, akanirudisha depo, akakiweka kitabu kwenye rafu, akanipa ufagio. Nikaanza kufagia.

Babu yako