Zamu ya Kunawishwa

Mama yangu mpendwa,

Huku Scarborough tu wazima, ila theluji imeanza mapema. Juzi mwalimu wa Noela aliniita shuleni, nikafikiri mjukuu wako kampiga mtu! Kumbe watoto wenzake walikuwa wakigoma kunawa kabla ya kula. Noela akajaza maji kwenye birika la kuchezea, akachukua na beseni, akawanawisha mmoja mmoja huku amepiga goti, kama ulivyonilea mimi. Siku hizi wanapanga foleni, na sabuni wanaidai wenyewe.

Mwalimu alitaka kujua jambo moja tu: mbona Noela mwenyewe hanawi? Mtoto akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba anayenawisha wenzake hunawishwa na mtu mwingine, na yeye bado anangoja. Basi mwalimu akashika birika.

Kwenye basi tukirudi nyumbani, Noela akaniuliza, tena kwa Kiswahili, "Bibi ananawishwa na nani?" Nikamwambia wapo wengi. Lakini tangu Tharcisse, kitinda mimba wako, naye aondoke hapo Uvira, najiuliza kama nilimdanganya.

Mama, maji anakumiminia nani?

Mwanao,
Spéciose