Baba, Gazetini Walimweka Baba Mdogo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Hiyo salamu naamini huko uliko mnaitikia kutwa bila kuchoka, maana hata hapa nyumbani ulikuwa huchoki. Uliitikia hata ya redio. Mtangazaji akisema "Habari za asubuhi, wasikilizaji," wewe hapo jikoni na kikombe chako unajibu, "Nzuri, mama, sijui ninyi huko." Sisi watoto tunacheka, unatutazama kama watu wasio na adabu. "Mtu amekusalimia ndani ya nyumba yako, utanyamaza?"

Nimekaa kukuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea kwenye kumbukumbu yako, na sitaki ulisikie kwa watu. Naliandika wazi, asome yeyote, kwa kuwa na lenyewe lilitokea wazi, mbele ya nchi nzima.

Unakumbuka magazeti yako. Siku ya mnada ulikuwa unashuka Dongobesh, unarudi na chumvi, betri, na gazeti la jana limekunjwa ndani ya koti. Jirani wanakuja, unawasomea. Mimi nilijua wengine wanaanza na mpira na wengine na siasa, ila wewe ulianza na ule ukurasa wa nyuma wa kumbukumbu, wenye picha za marehemu. Unasoma jina la mtu wa Tabora, wa Mtwara, watu ambao hukuwahi kuwaona, na kila mmoja unamwambia, "Raha ya milele akupe Bwana." Siku moja mama alikuuliza unawajua? Ukamjibu, "Kwani wenyewe wamewaweka pale ili nani awaombee? Si mimi niliyenunua gazeti?"

Hilo neno sikulisahau. Mwaka ulipokaribia kutimia tangu tukulaze, nikasema baba yangu naye ataingia kwenye ule ukurasa. Mtu wa Tabora atafungua gazeti, atamwona, atamwombea. Wale wote uliowaombea, nikaona nao watakulipa hivyo.

Shida ikawa picha. Wewe ulikuwa ukiona simu imeinuliwa unageuza uso kama unamulikwa na tochi. Kwenye kitambulisho cha kura umetoka kama mtu aliyekamatwa. Picha yako nzuri ni ile moja ya ukutani, mliyopiga Mbulu mjini wewe na baba mdogo Bura, mmevaa makoti, yeye amekaa kwenye kiti na wewe umesimama nyuma yake umeweka mkono begani. Nikaitoa ukutani, nikaipeleka duka la stationari Dongobesh, yule dada akaipiga na kuituma gazetini pamoja na maneno niliyoandika. Jina lako, kijiji, watoto, wajukuu. Yote niliandika, isipokuwa kitu kimoja tu: sikuwaambia yupi ni wewe. Baba, haikunijia kichwani kwamba duniani kuna mtu asiyekujua.

Gazeti lilipofika nililifungua palepale dukani. Jina ni lako. Maneno ni yangu. Sura ni ya baba mdogo; wewe wamekukata.

Nilikaa juu ya gunia la mchele la watu. Muuza duka, yule Mzee Ramadhani uliyekuwa unabishana naye habari za timu, alilichukua, akalitazama, akasema, "Astaghfirullahi. Huyu si alikuwa hapa juzi ananunua misumari?"

Sasa nisikilize jinsi habari ilivyofika Nambis, kwa baba mdogo, kabla yangu. Akina mama wa jumuiya ya kule waliona ile picha, hawakusoma jina. Wakabeba kuni na unga, wakaenda msibani. Walimkuta marehemu anatengeneza ua wa zizi. Mmoja alitupa kuni akakimbia. Wengine walisimama wakiangalia chini, hawajui kama waseme pole au hongera. Baba mdogo aliwaitikia salamu zote moja moja, akapokea unga, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kuanzia hapo hakutoka. Nikatuma mtu kumwomba radhi, akanirudishia ujumbe: "Mwambie mtu aliyekufa haendi kwenye kumbukumbu ya mwenzake." Na kumbukumbu yako ilikuwa Jumapili inayofuata! Padre ameshakubali, ng'ombe ameshachaguliwa, ndugu wa Hanang wameshasema wanakuja. Bila baba mdogo, nani angesimama kaburini kusema maneno ya ukoo? Kaka yake ni wewe, na wewe ndiye tunayekukumbuka. Amebaki yeye peke yake.

Nikasema njia ni moja, gazeti liseme lenyewe kwamba limekosea. Nikapanda pale kwenye mawe juu ya kanisa, ambako mtandao haukatiki, nikapiga ile namba ya gazeti.

Akapokea dada mwenye sauti nzuri sana. "Karibu. Asante kwa kutupigia."

Nikamwambia, "Asante mwanangu, hujambo? Habari za huko?"

Yeye akaendelea kuongea juu ya sauti yangu. Habari bonyeza moja, matangazo bonyeza mbili. Ndipo nikaelewa ni mashine, nikatazama nyuma kama kuna aliyenisikia. Nilikukumbuka, nikacheka peke yangu huku machozi yananitoka.

Nikabonyeza mbili. Wakaniuliza kama natangaza nyumba, gari, au mnada. Nikabonyeza nyingine, ikanipeleka kwenye muziki. Muziki ukapiga mpaka vocha ikakwisha. Siku ya pili hivyohivyo. Kila nikisikia kitu kinachofanana na shida yangu nabonyeza haraka, salio lisiishe, na kila nikibonyeza napelekwa kwa mashine nyingine. Nilisali rozari nzima nikiwa kwenye ule muziki, baba. Mungu anisamehe, mafumbo mengine niliyasali kwa hasira.

Alhamisi nikaona simu haisaidii, nikapanda bodaboda mpaka Nambis.

Alikuwa amekaa nje, kwenye jua, kikombe mkononi. Kile kipande cha gazeti kiko mapajani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marehemu haitikii."

"Baba mdogo, nisamehe. Sikuwaambia yupi ni yupi."

"Watu wananiombea raha ya milele," akasema, "na mimi bado nataka kupanda maharage."

Nikataka kucheka, nikajizuia. Lakini nikamtazama vizuri nikaona hakuwa anatania. Akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na kile kikaratasi, "Nilimkalia kiti akiwa hai. Sasa mmenikalisha mpaka kwenye kifo chake."

Sikumwelewa. Nilichofanya ni kutoa simu, nikaweka spika, nikapiga mbele yake, walau aone kwamba najaribu. Yule dada akaanza: karibu, asante kwa kutupigia, habari bonyeza moja. Kidole changu kikaenda.

"We mtoto!" Baba mdogo akanishika mkono. "Mtu anaongea na wewe unambonyeza. Mwache amalize."

Baba, nilihisi uko nyuma yangu. Maneno yale ni yako. Mgeni akiwa anaongea na sisi tunadakia, ulikuwa unasema hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo, "Mwache mtu amalize." Sikumwambia baba mdogo kwamba ile ni mashine. Nikaondoa kidole. Tukamsikiliza dada wa watu mpaka mwisho, baba mdogo anatikisa kichwa kwa adabu, na mwisho kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufika, akasema: kama unataka kuongea na mhudumu, tafadhali subiri.

Tukasubiri. Muziki ukaja. Ukakatika.

"Huduma kwa wateja, naitwa Neema."

Nikaogopa kudanganyika tena. Nikasema polepole, "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo mama, shikamoo."

Hapo nikajua ni mtu. Ile mashine kwa siku zote haikuwahi kuniamkia.

Nikamweleza. Akaomba muda aitafute picha, nikasikia anabonyezabonyeza. "Nimeiona, mama. Marehemu si huyu aliyekaa?"

"Huyo yuko hapa mbele yangu anakunywa chai."

Akasema taratibu, "Mungu wangu."

Baba mdogo akasogeza mdomo kwenye simu. "Wewe ndiye umenizika?"

"Shikamoo babu. Hapana babu, ni wenzangu wanaopanga ukurasa."

"Marahaba. Waambie kaburi lenyewe lilikuwa dogo kama kiberiti. Wamenibana."

Yule binti akacheka, akajirudi, akaomba radhi. Akasema, "Babu, utusamehe. Wenzangu waliona wazee wawili na kiti kimoja. Wakajua mkubwa ndiye aliyekaa. Si ndivyo ilivyo hata kwetu, mkubwa hukaa na mdogo akasimama?"

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Nikadhani amekasirika tena, kumbe anatafuta pa kuanzia. Na habari ile, ambayo mimi mtoto wa nyumba sikuwahi kuisikia, alimwambia mtu asiyemjua, kwenye simu.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Wenzako hawakukosea. Kiti kilikuwa cha kwake. Mwaka ule ng'ombe aliniangusha nikavunjika mguu, nikalala hospitali muda mrefu, mpaka nikajua sitoki. Kaka alikuwa anakuja na uji. Siku nilipotoka akasema tupige picha, Bura, ili nyumbani waone umepona. Mpiga picha akasema mkubwa akae. Kaka akamwambia, aliyeumwa ndiye akae. Mpiga picha akakataa, akasema watu watawacheka. Kaka akasema, basi watucheke, lakini mguu wa mdogo wangu upumzike. Nikakaa. Tulipotoka nikamwambia, kaka, tutarudi siku nyingine tupige tena, na wewe ukae. Akasema sawa." Akapumua. "Hatukurudi. Mara mahindi, mara watoto, mara mvua. Mpaka ameondoka, kiti chake bado ninacho mimi."

Neema alimwacha amalize. Hakumkatiza hata mara moja, wala hakumharakisha. Kisha akasema, "Babu, picha hii safari hii hatuikati. Tutaiweka nzima, na nyote wawili mtaonekana. Niambieni tuandike nini chini yake."

Nikamtazama baba mdogo. Alifikiri, akasema, na Neema akaandika, akatusomea tena ili tuhakikishe: Tunaomba radhi. Aliyesimama ndiye anayekumbukwa. Aliyekaa ni mdogo wake, yu mzima, na kiti alipewa.

Alipokata simu, baba mdogo akaniuliza, "Huyo wa mwisho na yule wa kwanza ni mtu na dada yake?" Nikamwambia labda. Akasema, "Wamelelewa vizuri. Wa kwanza tu ndiye asiyesikiliza."

Gazeti lilitoka Jumamosi. Mzee Ramadhani alituwekea nakala, hata hakuniacha niingie dukani, alinipungia akiwa mlangoni. Upo, baba. Umesimama na koti lako, mkono wako uko begani kwa mwenzako, na unacheka kidogo, jambo ambalo kwenye ukuta wetu wenye moshi sikuwahi kuliona. Kile kipande cha kwanza, chenye sura yake peke yake, baba mdogo amekiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Anasema siku yake ikifika tukitumie hichohicho, tusimsumbue tena yule binti.

Jumapili alikuja. Alikuja mapema kuliko padre. Baada ya Misa tulikwenda kaburini, na vijana wakaleta kiti kwa ajili yake, kwa kuwa sasa ndiye mkubwa wa ukoo na mguu ule bado unamsumbua kwenye baridi. Wakakiweka kando ya msalaba wako. Ndugu wa Hanang wote wanamsubiri akae ndipo aanze kusema.

Hakukaa. Alizunguka akasimama nyuma ya kile kiti, akanyoosha koti, akaweka mkono juu ya egemeo, pale ambapo bega la mtu lingekuwa.

Shangazi akamnong'oneza, "Bura, kaa, mguu utakuuma."

"Acha uniume," akasema. "Leo ni zamu yake."

Akasema maneno ya ukoo yote akiwa amesimama, na kiti kiko wazi mbele yake, na hakuna aliyethubutu kukisogeza. Mtoto wangu alipiga picha kwa simu. Nimekwenda kuichapisha Dongobesh, imetundikwa ukutani karibu na ile ya zamani. Wageni wananiuliza kwa nini mzee huyo anapiga picha na kiti kitupu. Nawaambia, tazameni vizuri.

Baba, na wale wa Tabora na Mtwara waliomwombea yule aliyekaa, nadhani Bwana alijua wanakusudia nani. Nakusalimia kwa jina la wote wa nyumbani. Mama naye, huko mliko, umwambie mbegu zake za maharage bado nazipanda.

Basi kaa sasa, baba. Usimpishe mtu.

Ni mimi binti yako mkubwa,
hapa nyumbani Maretadu.