Majibu Niliyoyaficha Mkobani

Mdogo wangu,

Mapazia uliyonishonea yamefika, yamekaa vizuri dirishani. Nimeshukuru kusikia mwanao ametoka hospitali na ananyonya.

Siku nilipombeba uliniuliza, "Dada, hicho kikohozi vipi?" Nikakujibu, "Vumbi tu." Nilipopimwa, kumbe ni kifaduro, hicho hicho kilichomlaza mwanao. Mimi muuguzi, ninayewahimiza watu wazima warudie chanjo, yangu sikuwa nimeirudia kwa miaka kumi na mitano. Mganga hajigangi, lakini mtoto ana kosa gani?

Ulipomfukuza jirani mlangoni ukidhani yeye ndiye aliyemwambukiza, nilikuwa nimekaa hapo hapo, majibu yangu mkobani.

Sasa nimechanjwa. Jumamosi nakuja kumwomba jirani radhi. Kwako usinifungulie kama hutaki, nitaanzia kwake.

Dada yako