Kelele Karibu na Maikrofoni

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaja tena na swali lake. Hakuna hata video moja ambayo kaka yake anaongea? Hakuna. Ujumbe wa sauti kwenye simu? Hakuna — yule alikuwa mtu wa kuandika "sawa" na kunyamaza. "Kha! Mtu kakaa na mashine za kurekodi maisha yake yote, hajajirekodi hata salamu!" akasema. Tukacheka. Kisha wifi akalia, mimi nikarudi karakana kukata sponji. Makochi ya watu hayajui msiba.

Lakini swali limenikaa. Stoo kuna kanda arobaini alizorekodi kwa mkono wake. Bendi ni moja tu, wale wazee wa roki, magitaa matatu na nywele mpaka mgongoni. Zote za kificho, hakuna aliyempa ruhusa. Aliingia uwanjani na mto wa kukalia niliomshonea mimi: mashine katikati ya sponji, maikrofoni nyuma ya zipu. Mlinzi anaubonyeza, anaona mto. Pita, mzee. Na ukishawasha, hao warekodi wa kificho wana sheria yao: hupigi makofi, huimbi, hukohoi. Uwanja mzima unapasuka kwa kelele, yeye kimya kama kabati.

Kanda arobaini, dakika tisini kila moja. Saa sitini nimekaa na mume wangu na hajasema neno!

Alhamisi, 6 Machi

Ipo moja!

Nimeikumbuka nikiwa natia vifungo kwenye kochi. Ile ya siku ya mvua. Watu walisukumana wakivunja uzio, mimi nikachukuliwa na umati, naye akasahau sheria. Akaniita wimbo mzima. "Bosi! Bosi, uko wapi?" Ndivyo alivyoniita tangu alipokuja kuniomba kazi ya kubeba makochi; hata baada ya ndoa hakuacha. Nyumbani akaisikiliza, akasonya, akaichora msalaba mwekundu. Imeharibika, akasema. Wenzake wanabadilishana kanda kama watoto na gololi, hiyo hakumpa mtu. Aliionea aibu.

Nimeipata chini kabisa. Ina ukungu mweupe pembeni. Sijathubutu kuiweka kwenye mashine. Kitu kikikushinda, mpe fundi wake.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi wake ni Sikio, rafiki wa marehemu. Hao wawili ndio waliokuwa wakishinda sebuleni kwangu wakibishana kama gitaa la pili liko kushoto au kulia. Kaigeuza kanda kwenye mwanga. "Shemeji, hii itakubali kuchezwa mara moja. Ukibahatika, mara mbili. Niachie niihamishie kwenye kompyuta."

Nimemwachia. Sikumwambia natafuta nini. Ningeanzaje? Mjane mzima anatafuta mtu kwenye kanda.

Ijumaa, 14 Machi

Sikio kaingia karakana anang'aa. "Shemeji, nimeisafisha, utadhani imerekodiwa jana! Kulikuwa na jamaa karibu na maikrofoni, anapayuka wimbo wote wa nne. Nimemtoa. Huwezi kujua kama alikuwepo."

Nilikuwa na bunduki ya pini mkononi, ile ya kubania kitambaa. Nikaiweka mezani taratibu.

Nikamuuliza, huyo jamaa alikuwa anapayuka nini? Akasema, anaita bosi wake sijui. Akaanza kucheka. Halafu akaniangalia, kicheko kikamfia mdomoni.

"Lakini shemeji, mumeo hafungui mdomo mashine ikiwaka! Nani angewaza?" Ni kweli. Nani angewaza. Kwa nidhamu yake mwenyewe kajifuta.

Na kanda? Utepe umebanduka vipande vipande baada ya kuchezwa ile mara moja. Na ile nakala ya kwanza kabla ya kusafishwa? Kaifuta, kompyuta ilikuwa imejaa. Imejaa! Kwa nini asifute kitu kingine? Nimemfukuza. Nimeshona mto wa mteja, nimeufumua, nimeushona tena. Mara ya pili nimezika mume.

Jumamosi, 15 Machi

Karudi asubuhi, hajalala, macho mekundu. Kumbe kabla ya kusafisha, nakala ya kanda huwa anamtumia mwenzao mmoja wa mbali, wanamwita Kobe, aangalie kama mwendo uko sawa, maana mashine za zamani hukimbia. Kobe anayo ile chafu. Lakini Kobe hatoi kitu bila kubadilishana.

— Achukue stoo nzima!

— Shemeji, usimwambie hivyo. Atakuja na gari kweli.

Nikamwambia aeleze ukweli tu, bila mapambo. Akaandika mbele yangu. Tukasubiri. Chai ikapoa.

Kobe hakuomba chochote. Kwanza alijibu maneno mawili: poleni sana. Kisha akasema ataituma kesho.

Jumapili, 16 Machi

Karakana imefungwa. Tumekaa kwenye kochi la mteja, bado lina nailoni. Nimemkataza wifi asije leo, nikishasikia nitamwita. Sikio kaweka spika mbili. Kaniuliza aruke moja kwa moja mpaka wimbo wa nne? Nikasema hapana, thubutu!

Naandika huku inacheza. Wimbo wa kwanza. Mvua inasikika, ilikuwa inagonga mto. Kwa hiyo yuko hapo, chini ya mvua hiyo, amebana midomo.

Wa pili. Sikio anatingisha mguu, kisha anajikumbuka, anaacha.

Wa tatu mrefu. Gitaa la pili liko kushoto. Umati unaanza kusukumana, nasikia mtu akilalamika amekanyagwa.

Umeisha. Makofi.

Kabla wa nne haujaanza, nimemwambia Sikio arudishe mwanzo.

— Tena, shemeji?

— Tena.