Bibi Alilala Ngazini

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kawaleta wajukuu asubuhi, wote wawili bado wana matongo machoni. Wiki hii yuko zamu ya asubuhi kule mapokezi hospitalini. Mume wake yuko safari na lori, akirudi nyumbani ni kama mgeni.
Kasuku ana miaka minne na mdomo wa miaka arobaini. Mdogo wake, Bonge, ameanza kukimbia. Kutembea bado hajui.
Uji umemwagika mara mbili. Kidonge changu cha presha nimekikuta alasiri kwenye kisosi, palepale nilipokiweka. Nimekimeza hivyo hivyo. Wamelala mchana, na mimi nikafua.

Jumatano, 5 Machi
Kasuku kaniuliza kwa nini napumua kama birika. Nimemwambia ni uzee, mke mwenzangu. Kaniuliza uzee unauma wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Kizunguzungu. Nilikuwa katikati ya ngazi, Bonge kiunoni, mfuko wa nepi begani, Kasuku ametangulia juu. Ukuta ukaanza kuzunguka. Nikakaa palepale. Mtoto sikumwachia — namshukuru Mungu kwa hilo.
Fundi cherehani wa chini alisikia Bonge analia, akapanda na sindano bado imechomekwa kwenye kola ya shati. Akambeba mtoto, akaniletea maji. Akasema nimwambie binti. Nikasema nitamwambia.
Jioni binti alirudi amechoka, miguu imevimba, wakalala hapa hapa wote. Sikumwambia. Kasuku nilimwambia hii ni siri yetu. Akaniuliza siri ni kitu gani.

Ijumaa, 7 Machi
Siri imedumu mpaka kwenye viatu. Mama yake anamfunga kamba, yeye huku anatoa taarifa: jana Bibi alilala ngazini, Bonge akalia, fundi akaja.
Binti hakufoka. Heri angefoka. Alimaliza kufunga kiatu, akafunga na cha pili. Kisha akauliza, Mama, ungeanguka naye?
Nilimwambia sikuanguka, nilikaa.
"Mama. Ungeanguka naye?"
Alipiga simu kazini, akasema leo hatafika, akanipeleka kliniki.

Jumatatu, 10 Machi
Wamepelekwa kituo cha kulelea watoto, karibu na kazini kwa mama yao. Amri ya binti, na daktari kaunga mkono: nipumzike.
Basi nimepumzika. Nimelala mpaka jua limeingia kitandani. Nimekunywa chai ikiwa ya moto mpaka tone la mwisho. Nimeoga bila mtu kugonga mlango. Sikuwakumbuka hata kidogo mpaka mchana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 13 Machi
Sijawasha jiko tangu Jumatatu. Kumpikia mtu mmoja ni kazi ya bure. Mkate upo.
Fundi cherehani kagonga kuuliza kama nipo. Nikajibu nipo, sauti ikatoka imekwaruza. Nikafikiria nilisema na nani mara ya mwisho. Ilikuwa jana, na redio. Niliipinga habari ya hali ya hewa.
Kupumzika nako kunachosha.

Jumanne, 18 Machi
Kliniki. Presha imeshuka vizuri, muuguzi kafurahi. Kanipandisha kwenye mizani, furaha ikapungua. Uzito nao umeshuka. Nikajiandaa kuulizwa nakula nini, nikapanga na uongo wa kusema: mboga, matunda.
Kaniuliza nakula na nani.
Nimerudi nyumbani polepole. Nimepika sufuria nzima, nusu nikampelekea fundi. Alikula wima, anaogopa kuchafua nguo za watu.

Jumapili, 23 Machi
Wamekuja wote watatu. Bonge kakonda. Kule kituoni homa zinapokezana, huyu akipona yule anaanza, na binti ameshapewa onyo kazini kwa kuomba ruhusa. Kanitazama kama mtu anayekuja kukopa.
"Mama, umeshapumzika, si ndiyo?"
Anataka niwachukue tena wiki nzima. Moyo ulikuwa umeshasema ndiyo, umeanza hata kutandika kitanda. Mdomo ukasema siku mbili. Na kumpandisha Bonge ngazi ni juu yako, mwanangu, mimi nampokea mlangoni.
"Siku mbili? Na hizo nyingine niwapeleke wapi?"
Nikamwambia sijui.
Sidhani kama amewahi kunisikia nikisema hivyo. Siku zote mimi ndiye ninayejua. Alisimama, akaingia jikoni, sasa namsikia anasugua sufuria ambazo ni safi. Bonge yuko naye, anapiga kifuniko sakafuni. Kasuku amenilalia mapajani huku naandika kwenye mkono wa kochi. Kaongea mpaka neno la mwisho likakatika na usingizi. Mguu umekufa ganzi. Simsogezi.
Binti anauliza kutoka jikoni: siku mbili zipi?
Nimejifanya sijasikia. Nikizitaja hizo mbili, zile tano za kukaa bila wao nazo nitakuwa nimezitaja.
Kelele za sufuria zimekoma. Anakuja. Amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, anauliza tena, taratibu, kama mtu ambaye angeridhika hata na moja.