Vifaranga Nilivyovifungia Ndani

Kamanga, Jumapili

Mama yangu, shikamoo.

Mimi ni mzima. Hofu yangu yote iko kwenye kifua chako. Kaka Deo ameniandikia kwamba bado unakohoa, na kwamba kutwa nzima hutoki jikoni kwa ajili ya baridi. Je, unakula?

Huku kijiji kilinikabidhi vifaranga thelathini vya bata mzinga, eti kwa kuwa mwalimu hashindwi kitu. Nilivitunza ulivyonifundisha kutunza vya kuku: joto kwanza. Mvua zilipoanza na upepo wa ziwa ukavuma, niliziba madirisha ya banda kwa magunia, nikaweka jiko la mkaa ndani. Majirani walinicheka: "Mwalimu, si uviatamie tu mwenyewe?" Nikawaambia tutaonana siku ya nyama.

Wiki ya pili vilianza kupiga chafya. Macho yakavimba, kamasi zikatoka, vikawa vinahema midomo wazi. Kadiri vilivyokohoa ndivyo nilivyozidi kuziba. Vilikufa kumi na tisa, Mama. Nililia mbele ya watu na sikuona haya.

Bwana mifugo akavuka kwa kivuko kutoka Mwanza. Alifungua mlango, akarudi nyuma akifuta macho.

"Mwalimu, hebu ingia ukae humo kidogo."

Niliingia. Sikumaliza hata Salamu Maria moja. Moshi na harufu ya kinyesi vilinikaba koo.

"Ugonjwa ulikuja wenyewe," akasema, "lakini wewe umeufungia humu pamoja navyo."

Tuling'oa magunia, tukatupa majani ya chini yaliyoota ukungu, akanipa dawa ya kutia kwenye maji. Kumi na kimoja vimepona. Mwenyekiti hakunilaumu, alisema anayefuga ndiye anayefiwa.

Ila mimi nilipotoka mle bandani nilikukumbuka wewe, na jiko letu lisilo na dirisha, na moto usiozimwa. Ni mimi niliyekuandikia ujifungie humo. Nisamehe, Mama.

Deo, wewe unayesoma: leo hii, kabla hujala, toboa dirisha kwenye ukuta wa jikoni upande wa migomba. Kesho mpeleke Mama hospitali ya misheni.

Nisalimie shangazi msuka mikeka, na wifi yangu mke wa Deo, na jirani wa kisimani. Baridi ikikuzidi, Mama, jifunike lile blanketi nililokuletea. Dirisha usilizibe.

Mwanao anayekuombea,
Koku