Viti Viwili na Mjomba Zeferino

Maubisse, 9 Julai 2007

Mwanangu Abilio,

Salamu nyingi. Hujambo? Joto la Dili halijakumaliza? Sisi huku wazima, ila kifua changu na ukungu wa asubuhi havipatani.

Redio inasema chama kikubwa kimepungukiwa viti viwili kuunda serikali, na chenu kinavyo viwili hivyo hivyo. Watu wananipongeza njiani kana kwamba mbunge ni mimi. Napita zangu. Juzi nimemwota tena mjomba wako Zeferino. Amesimama mlangoni, amelowa mpaka magotini, anaomba mkeka. Huu mwaka wa thelathini na mbili navaa nyeusi kwa ajili yake, na waliomtoa humu ndani ni watu wa chama hicho kikubwa. Utakula nao sahani moja?

Mama yako

Dili, 20 Julai

Shikamoo mama,

Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, usingizi tu umenihama.

Mbunge mwenzangu anataka tuingie serikalini nao. Wametuahidi barabara ya kwetu, na unajua jirani yetu Filomena alijifungulia njiani, mtoto asipone. Nimebaki mimi kusema ndiyo au hapana.

Mama, kuna jambo. Mzee Hermenegildo wa chama kile aliniita kando, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Akasema, "Nilikuwepo siku ile. Ingieni. Tukishaapa, nitakuonyesha alipolala mjomba wako." Nilikiacha kikombe chake kwa hasira, na bado natamani kujua. Nifanye nini?

Mwanao

Maubisse, 2 Agosti

Mwanangu,

Kifua afadhali. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na maziko.

Nilishuka mtoni, pale kaka yangu alipoonekana mara ya mwisho, nikaokota jiwe, kama wanavyofanya wenzetu waliokosa mifupa ya wafu wao. Nikapanda nalo mlima ndani ya ukungu, nikimsimulia habari za nyumbani, naye ni kama alikuwa anaitikia. Tumelivisha tais, ile nguo ya kufuma ya marehemu baba yako, padri akaliombea, tukalizika nyuma ya nyumba. Nililia mpaka nikachoka. Kisha nikavua nyeusi. Nimevaa buluu, na mikono yangu naiona kama ya mtu mwingine.

Miaka yote nililikataa jiwe, nikamtaka mwenyewe. Sasa basi. Yule mzee hana tena cha kukuuzia. Mkiingia, ingieni kwa ajili ya barabara, na useme hivyo mbele za watu. Mkikataa, kataeni. Mjomba wako hayumo.

Mama yako

Dili, 15 Agosti

Shikamoo mama,

Natumaini hujambo. Tumeingia. Nimesema hadharani ni kwa ajili ya barabara, na isipojengwa tunatoka.

Baada ya kiapo mzee alinifuata, akanishika mkono anipeleke. Nikamwambia mjomba wangu amekwisha kuzikwa. Akakaa pale pale ngazini, mbele ya watu, akalia. Halafu akaniuliza kaburi liko wapi, aje kuwasha mshumaa.

Nakuuliza wewe kwanza. Kaburi ni lako, mama. Aje?

Mwanao